Kombe la FA na swali la nauli: kwa nini mtoano wa Waingereza ungali unatuvuta sisi wa Nairobi

Mwanzilishi wa uzi (Buruburu)

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Juzi, katika kibanda cha kuonyesha kandanda kilicho karibu na kwetu, kijana mmoja aliyevaa jezi ya Arsenal aliniuliza kwa nini nimemlipa mwenye kibanda shilingi 50 ili nitazame timu mbili ambazo hata majina ya wachezaji wake siwezi kuyataja, ilhali kwenye skrini ya pili kulikuwa na mechi ya ligi yenye nyota wa kila rangi. Nilimjibu kwamba ile niliyoitazama ilikuwa mechi ya Kombe la FA. Alicheka, akarudi kwenye skrini yake. Usiku nikaona kwamba jibu langu lilikuwa la mkato mno, na hiyo ndiyo sababu ya uzi huu, ambao nawaomba mniwie radhi mapema kwa urefu wake.

Watu wengi hudai kwamba utamu wa kombe la mtoano ni kuona kigogo akiangushwa na kibonde. Sikatai. Lakini vigogo huangushwa hata kwenye ligi, na Jumatatu tunaendelea na kazi zetu kama kawaida. Mimi naamini kwamba utamu wenyewe unaanzia mbali zaidi, pale droo inapomlazimisha mkubwa afunge safari, ashuke basi lake mbele ya geti la mdogo, avalie jezi katika chumba ambacho huenda hakina hata maji ya moto, na acheze juu ya nyasi ambazo mwenyeji anajua kila bonde lake. Ligi humleta mdogo kwa mkubwa baada ya kumpima kwa miaka mingi, lakini kombe hutia mkono ndani ya bakuli na kutoa namba. Ndiyo maana nasema kwamba historia ya kombe hili, ukiisoma kwa makini, ni historia ya nani alisafiri na nani alikosa nauli.

Tuanze mwanzo kabisa. Tarehe 20 Julai 1871, katika ofisi za gazeti la The Sportsman jijini London, Charles Alcock, katibu wa chama cha soka cha Uingereza (FA) kilichokuwa kimeundwa mwaka 1863, alipendekeza kuwe na kombe ambalo timu zote wanachama zingealikwa kuligombea. Alikuwa kijana wa miaka 28, na wazo hilo alikuwa amelibeba kutoka shule yake ya Harrow, ambako mabweni yalikuwa yakishindana kwa mtindo wa kutoana mpaka libaki moja. Timu 15 zilijiandikisha. Kombe lenyewe lilikuwa dogo kiasi kwamba baadaye watu walilipachika jina la utani la kisanamu cha bati.

Miongoni mwa timu hizo 15 ilikuwamo Queen's Park ya Glasgow, huko Uskoti, ambayo ilichangia gini moja, fedha ya Kiingereza ya zamani, katika ununuzi wa kombe. Kwa sababu ya umbali, waandalizi waliiruhusu ipite raundi za mwanzo bila kucheza, na mechi yake ya kwanza ikawa nusu fainali dhidi ya Wanderers kwenye uwanja wa kriketi wa Kennington Oval, London. Waskoti wale walichanga, wakapanda garimoshi, wakasafiri zaidi ya kilomita 600, wakacheza vizuri, wakatoka sare tasa. Kanuni ilitaka mechi irudiwe, tena palepale London. Hawakuwa na fedha za kulala wala za kurudi tena. Wakajiondoa na kwenda kwao bila kufungwa hata bao moja.

Wanderers wakaingia fainali. Ukiihesabu safari yao utashangaa: raundi ya kwanza walipewa ushindi wa bure kwa sababu Harrow Chequers hawakutokea, ya pili wakashinda, robo fainali wakatoka sare na Crystal Palace ya zama hizo na timu zote mbili zikaruhusiwa kusonga mbele, kisha nusu fainali ikaamuliwa na nauli. Walitinga fainali wakiwa wameshinda mechi moja tu uwanjani! Tarehe 16 Machi 1872, mbele ya watazamaji wapatao 2,000, waliwafunga Royal Engineers bao 1–0. Nahodha wao alikuwa Alcock mwenyewe, mwenye wazo. Mfungaji alikuwa Morton Peto Betts, ambaye aliandikishwa kwa jina la bandia la A. H. Chequer, kwa kuwa alikuwa mtu wa ile Harrow Chequers iliyokacha mechi ya kwanza. Ingekuwa hapa kwetu, rufaa ingekatwa kabla ya mchezaji kuvua viatu.

Nimeikazia macho hadithi ya Queen's Park kwa sababu ninayo ya kwangu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mweka hazina wa timu ya mtaa wetu, timu ya vijana waliofanya kazi za juakali wiki nzima na kufanya mazoezi saa kumi na moja jioni wakiwa bado na grisi mikononi. Tulipita raundi mbili za mchujo wa kombe la taifa. Raundi ya tatu tukapangwa ugenini, huko Pwani. Nakumbuka nikiwa nimeketi juu ya kreti ya soda nyuma ya duka la mwenyekiti, nikihesabu michango juu ya gazeti: noti chache, sarafu nyingi, na karatasi ya ahadi yenye majina kumi na manne ambayo hakuna hata moja lililokuwa limepigwa alama. Tulihitaji nauli ya watu 20, kwenda na kurudi. Tulipata nauli ya watu saba. Wapinzani wetu wakapewa ushindi wa bure, na mlinda lango wetu, ambaye alikuwa ameomba ruhusa kazini, hakunisemesha kwa karibu mwezi mzima.

Nitaendelea kesho, kwa kuwa macho yamechoka.

Mwanzilishi wa uzi (Buruburu)

Naendelea. Kwa miaka kumi ya mwanzo kombe lilibaki mikononi mwa waungwana wa kusini: wanafunzi wa zamani wa shule za kifahari, maafisa wa jeshi, wanachuo wa Oxford. Walicheza kwa kujiburudisha na hawakuwa na haja ya kuuliza nani analipa. Mambo yaligeuka mwaka 1883, wakati Blackburn Olympic, timu kutoka mji wa viwanda vya pamba kaskazini, ilipowakabili Old Etonians kwenye fainali. Ndani ya timu hiyo mlikuwa na wafumaji, fundi bomba na vibarua wengine. Tajiri mmoja mwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma alikuwa amewagharimia, wakaenda Blackpool kando ya bahari kupumzika na kufanya mazoezi kwa siku kadhaa kabla ya fainali, jambo ambalo waungwana waliliona kuwa ni kukosa adabu ya mchezo. Olympic walishinda 2–1 katika muda wa nyongeza, na bao la ushindi likafungwa na Jimmy Costley, kijana wa kiwanda cha nyuzi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1885, malipo kwa wachezaji yakahalalishwa. Kombe likahamia kaskazini na katikati ya nchi, na halikurudi kusini mpaka mwaka 1901, Tottenham walipolitwaa wakiwa hata hawamo kwenye madaraja ya Ligi.

Someni hapo tena. Mara tu mfanyakazi alipolipiwa nauli na siku za kukosa kazi, mwungwana hakulishika tena kombe lile.

Mwaka 1895 kombe liliibwa. Aston Villa walikuwa wamelitwaa, wakakubali liwekwe kwenye dirisha la duka la William Shillcock, muuza viatu na mipira wa Birmingham, ili wapita njia walitazame. Usiku wa tarehe 11 Septemba wezi waliingia. Villa walitozwa faini ya pauni 25 na kombe halikuonekana tena. Mwaka 1958 mzee mmoja aliliambia gazeti kwamba yeye na wenzake ndio walioliiba na kuliyeyusha kutengenezea sarafu bandia za nusu krauni. Kama alisema kweli, basi kuna mtu Birmingham aliwahi kununulia mkate kipande cha Kombe la FA bila kujua.

Mchangiaji wa kwanza (Umoja)

Mzee wetu, ahsante kwa darasa. Mimi nilifundishwa kwamba fainali ya maana kuliko zote ni ile ya farasi mweupe pale Wembley. Mbona umeiruka? Au kwa kuwa siku hiyo nauli haikuwa tatizo?

Mwanzilishi wa uzi (Buruburu)

Mwanangu, umenikamata, kwa maana siku hiyo tatizo lilikuwa kinyume chake: kila mtu alipata nauli. Tarehe 28 Aprili 1923 uwanja wa Wembley ulikuwa mpya kabisa, na waandalizi hawakuifanya mechi kuwa ya wenye tiketi za mapema pekee kwa kuwa hawakudhani kwamba utajaa. Hesabu rasmi ilikuwa watu 126,047, lakini wengi waliruka kuta, na makadirio mengine yanafika 200,000 na kuzidi. Watu walimwagika mpaka katikati ya uwanja. Askari George Scorey na farasi wake Billy waliwasukuma taratibu, hatua kwa hatua, mpaka kwenye mistari, na mechi ikaanza ikiwa imechelewa takriban dakika 45. Bolton waliwafunga West Ham 2–0, la kwanza likiingia dakika ya pili kupitia David Jack, huku mashabiki wakiwa wamesimama kwenye chaki kabisa. Farasi mwenyewe alikuwa wa kijivu, ila filamu za siku hizo zilimfanya aonekane mweupe. Tangu hapo fainali imekuwa ya tiketi.

Fainali nyingine kubwa nitazigusa kwa haraka, kwa maana kila mtu anazijua: Cardiff City ya Welisi kulitoa kombe nje ya Uingereza kwa mara moja tu, mwaka 1927, kwa kuifunga Arsenal 1–0, Stanley Matthews na Blackpool kuigeuza 1–3 kuwa 4–3 dhidi ya Bolton mwaka 1953, ingawa aliyefunga mabao matatu alikuwa Stan Mortensen na bado fainali ikaitwa kwa jina la mwenzake, na kipa wa Manchester City, Bert Trautmann, Mjerumani aliyeletwa Uingereza akiwa mateka wa vita, kumaliza fainali ya mwaka 1956 akiwa na mfupa wa shingo uliovunjika, jambo lililogunduliwa siku kadhaa baadaye.

Lakini mkinipa mechi moja tu ya kuondoka nayo, sitachagua fainali. Nitachagua tarehe 5 Februari 1972, kwenye uwanja wa Edgar Street, mji wa Hereford, mpakani na Welisi.

Hereford United walikuwa wakicheza ligi ya kusini, nje ya madaraja yote manne ya Ligi. Droo iliwapeleka kwa Newcastle United, timu ya daraja la kwanza, na huko wakatoka sare ya 2–2. Kanuni ya marudiano ikamtaka Newcastle aende Hereford. Hapo ndipo ninapoipenda kanuni hiyo: mdogo akistahimili kwa mkubwa, mkubwa lazima alipe ziara. Mvua ilinyesha, mechi ikaahirishwa tena na tena, na Newcastle wakazidi kusubiri katika mji ambao hawakuuzoea. Ilipochezwa hatimaye, uwanja ulikuwa tope la aina ile tunayoiona pembeni mwa barabara zetu mwezi wa Aprili, tope linalovua kiatu. Malcolm Macdonald akaifungia Newcastle kipindi cha pili, na kila mtu akadhani hadithi imekwisha. Zikiwa zimebaki dakika chache, Ronnie Radford, ambaye kazi yake ya mchana ilikuwa useremala, alipata mpira mbali sana na lango, akapiga pasi, akarudishiwa, mpira ukadunda juu ya tope kwa namna ambayo hakuna kiwanja kizuri kingeudundisha, akaupiga kutoka zaidi ya mita 25 ukaingia kona ya juu. Watoto waliovaa majaketi ya kofia wakavamia uwanja kama siafu. Katika muda wa nyongeza Ricky George, mchezaji wa akiba, akafunga la pili. Miezi michache baadaye timu hiyo ilipigiwa kura ikaingizwa kwenye Ligi.

Itazameni video yake, halafu mwuangalie mpira tu, msimwangalie mchezaji. Ule mdundo wa mwisho kabla ya shuti ni wa uwanja wa nyumbani. Newcastle kwao, kwenye nyasi nzuri, bao hilo lisingefungwa.

Mchangiaji wa pili (Kariobangi Kusini)

Kwa heshima zote, mzee, hayo ni masimulizi ya zamani. Kombe limekufa. Makocha wa timu kubwa wanapanga watoto wa akademia na wachezaji waliotoka majeruhi, kwa sababu nafasi ya nne kwenye ligi, inayofungua mlango wa Ligi ya Mabingwa Ulaya, ina fedha kuliko kombe lenyewe. Arsenal wanajivunia kulitwaa mara 14, zaidi ya timu nyingine yoyote, lakini mwulize shabiki wa Arsenal angependa nini kati ya la 15 na ligi, uone atakujibu nini. Zaidi ya hayo, ile kanuni ya marudiano unayoipenda imefutwa. Kwa hiyo hoja yako ya nauli nayo imefutwa.

Mwanzilishi wa uzi (Buruburu)

Ndugu yangu wa Kariobangi, umeniuma pale pale penye kidonda, na kwa sehemu nakubali. Kuanzia msimu wa 2024–25 hakuna tena marudiano tangu raundi ya kwanza rasmi. Mechi ikiisha sare ni muda wa nyongeza na mikwaju ya penalti. Sababu iliyotolewa ni ratiba, kwa kuwa mashindano ya Ulaya yamepanuliwa na siku za katikati ya wiki hazitoshi. Kwa lugha yangu mimi, wakubwa wamechoka kusafiri.

Hasara yake ni ya fedha kabla ya kuwa ya hisia. Katika kombe hili mapato ya getini hugawanywa kati ya timu zote mbili, mwenyeji na mgeni. Januari 2005 Exeter City, timu iliyokuwa imeshuka mpaka daraja la tano huku madeni yakiikaba koo, ilikwenda Old Trafford na kutoka sare tasa na Manchester United. Sehemu yake ya mapato ya uwanja ule mkubwa, pamoja na ya marudiano ambayo ilifungwa 2–0 kwake nyumbani, ndiyo iliyoisaidia klabu ile kupumua. Sare moja isiyo na bao ililipa madeni ambayo hakuna harambee ingeyamaliza. Leo sare hiyo ingekwenda kwenye penalti usiku uleule, na Exeter wangepanda basi na mgao mmoja badala ya miwili.

Lakini kwamba kombe limekufa, hapo siafikiani nawe, na nitakueleza nilikuwa wapi tarehe 11 Mei 2013.

Nilikuwa katika kibanda cha mabati, mvua za masika zikipiga juu kiasi kwamba mtangazaji hasikiki, tukiwa watu kama 40 kwenye mabenchi ya watu 25. Fainali ilikuwa Manchester City, mabingwa wa ligi wa msimu uliotangulia, dhidi ya Wigan Athletic waliokuwa wakikodolea macho kushushwa daraja. Kando yangu alikaa fundi cherehani wa soko letu, mzee mwenye kikombe cha chai alichokishika kwa mikono miwili bila kukinywa. Nilikuwa nimemhakikishia mara tatu kwamba mechi itakwenda muda wa nyongeza. Dakika ya 88 stima ikapotea. Mlikuwa na giza, harufu ya makoti mabichi, na sauti arobaini zikimlaani mwenye kibanda ambaye hakuwa na kosa lolote. Stima iliporudi na televisheni ikawaka polepole, ya kwanza kuonekana ilikuwa rangi tu, kisha miili: wachezaji wa Wigan wakiwa wamelaliana kwenye kona ya uwanja. Ben Watson, aliyeingia kipindi cha pili, alikuwa amepiga kichwa mpira wa kona katika dakika ya 91, kabla ya kipenga cha mwisho. Hatukuliona bao lile, sote arobaini, na bado tulipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akabweka. Fundi cherehani aliniangalia, akanywa chai yake yote kwa mkupuo mmoja, akaniambia, "Muda wa nyongeza, eeh?"

Siku tatu baadaye Wigan walishushwa daraja. Hakuna timu nyingine iliyowahi kulibeba kombe hilo na kushuka katika msimu uleule. Niambie, ndugu yangu: nani hapa anakumbuka ni timu gani ilimaliza ya nne mwaka huo, bila kuchungulia kwenye simu?

Kuhusu wachezaji wa akiba, ni kweli wanapangwa. Lakini Mei 2025 Crystal Palace waliifunga hiyohiyo Manchester City 1–0 kwa bao la Eberechi Eze, na kipa Dean Henderson akaokoa penalti. Kabla ya siku hiyo Palace hawakuwa wamewahi kutwaa kombe lolote kubwa tangu waundwe. Watazame watu wazima walivyokuwa wakilia siku ile, halafu uniambie kwamba walikuwa wakililia maiti.

Mchangiaji wa tatu (Lang'ata)

Mzee, naomba nichangie kama dada ambaye hakuwahi kuvutiwa na hilo kombe la Waingereza. Hoja yako ya droo na safari niliielewa hapa hapa nyumbani. Juni 2025 nilikuwa Ulinzi Sports Complex kwenye fainali ya kombe letu la taifa. Gor Mahia upande mmoja, Nairobi United upande wa pili, timu iliyokuwa imecheza msimu mzima daraja la pili. Niliketi nyuma ya wazee watatu waliovaa kijani kibichi kutoka kofia hadi soksi, ambao kabla ya mechi walikuwa wakijadili ni lini ndege ya kwenda mashindano ya Afrika itapaa, kana kwamba fainali ilikuwa jambo la kupitia tu. Nairobi United wakashinda 2–1. Mmoja wa wale wazee aligeuka akaniuliza kwa upole kabisa, "Hawa watoto hufanyia mazoezi wapi?" Sikujua la kumjibu.

Kisha timu hiyo ikaenda Kombe la Shirikisho la Afrika, ikaitoa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa mikwaju ya penalti, ikaingia hatua ya makundi. Kutoka daraja la pili hadi kundi moja na Wydad ya Moroko. Ligi haiwezi kukupandisha ngazi hiyo kwa mwaka mmoja. Kombe linaweza.

Mwanzilishi wa uzi (Buruburu)

Dada yangu, umenipiku katika uzi wangu mwenyewe, nami nakushukuru. Wala usisahau kwamba taji kubwa kuliko yote kuwahi kuletwa na klabu ya Kenya lilipatikana kupitia mlango huo huo. Mwaka 1987 Gor Mahia walitwaa Kombe la Washindi barani Afrika, mashindano ya mabingwa wa vikombe vya taifa, kwa kutoka sare ya 2–2 na Espérance kule Tunis na 1–1 hapa Kasarani, wakashinda kwa faida ya mabao ya ugenini. Yaani mabao mawili yaliyofungwa safarini ndiyo yaliyoleta kombe nyumbani. Mnaona ninavyorudi palepale.

Kinachonisikitisha kuhusu kombe letu ni jina. Limekuwa Kombe la Moi, likawa la Rais, likawa ngao ya kampuni moja ya televisheni, kisha ya kampuni za kamari, moja baada ya nyingine. Mtu aliyecheza fainali tatu anaweza kuwa amecheza vikombe vitatu vyenye majina tofauti, na mjukuu wake hataelewa kwamba ni kombe lilelile. Waingereza nao wana mdhamini, lakini jina la FA halijaondolewa kwenye kombe lao tangu enzi za Alcock. Hilo lingewezekana hapa bila kumfukuza mdhamini yeyote.

Kwa wapenzi wa uhusiano wa mbali, nitaongeza moja ambalo hupenda kuwasimulia vijana. Mwaka 1973 Sunderland, timu ya daraja la pili, iliifunga Leeds United, mabingwa watetezi, 1–0 kwenye fainali. Kipa Jim Montgomery aliokoa mara mbili mfululizo kwa namna ambayo hadi leo inasimuliwa, na kocha Bob Stokoe akakimbia uwanjani na koti lake la mvua kwenda kumkumbatia. Mfungaji wa bao lile alikuwa kiungo Mskoti aitwaye Ian Porterfield. Miaka 20 baadaye, baada ya ndege iliyobeba timu ya taifa ya Zambia kuanguka karibu na Gabon mwezi Aprili 1993, Porterfield huyohuyo alipewa kikosi kilichojengwa upya, akakifikisha fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1994, ambako Nigeria ilishinda 2–1. Marehemu baba yangu, aliyesikiliza fainali ya 1973 kwenye redio ya mawimbi mafupi, alikataa kabisa kuamini kwamba ni mtu mmoja mpaka nilipomletea gazeti.

Mchangiaji wa pili (Kariobangi Kusini)

Sawa, mzee. Hilo la timu ya nne mwaka 2013 lilinishinda, nikachungulia simu. Ilikuwa Arsenal, timu yangu mwenyewe. Nimekubali nusu. Nusu nyingine nitaikubali siku watakaporudisha marudiano.

Ila swali moja: ile timu ya mtaa wako ingalipo?

Mwanzilishi wa uzi (Buruburu)

Ipo, na hilo nilitaka kulimalizia. Kipa yule aliyenikasirikia sasa ndiye kocha, na mwanawe anacheza beki ya kushoto. Msimu huu wamepita raundi ya kwanza ya mchujo, na ya pili wamepangwa ugenini tena, safari hii upande wa Bonde la Ufa. Mechi ni Jumapili ijayo, saa tisa alasiri. Wachezaji ni 18, kocha, msaidizi wake, na mimi mwenye kisanduku cha dawa. Mpaka jana jioni karatasi ya ahadi ilikuwa na majina tisa, na matano yamepigwa alama.

Mchangiaji wa tatu (Lang'ata)

Mzee, basi la kanisa letu lina viti 29 na Jumapili huwa halina kazi baada ya ibada ya kwanza. Nimemwuliza dereva. Anasema yuko tayari, ila anataka kujua mafuta atawekewa ya kwenda tu, au ya kwenda na kurudi.